Funguo Ishirini na Nne za Ozell Tarpley

Ndugu Ozell Tarpley, fundi mkuu wa Mamlaka ya Nyumba ya Tallow Bluff, Alabama, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Mei 2024, baada ya miaka arobaini na karibu miezi mitatu ya kazi. Aliingia Jumatatu tarehe 5 Machi 1984, kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba kama mpini wa fagio, na kofia ya baba yake ikimfunika masikio. Kofia bado anayo. Wembamba umekwenda zake.

Ofisi ilitaka wasifu huu wa jarida la Mamlaka uandikwe na mtu wa kompyuta. Ozell akakataa, akasema auandike Bi Odessa Crumley au usiandikwe kabisa. Basi ndiye mimi. Nilifagia ofisi hizo miaka ishirini na minane, naishi Mtaa wa Persimmon, Jengo la Tatu, na shule niliishia darasa la saba. Anayetaka maneno ya kupakwa mafuta akanunue kadi dukani. Nitasema mema yake na nitasema alipokosea, maana mwenyewe ndivyo alivyoagiza.

Aliajiriwa kukata majani. Wiki ya tatu boila inayopasha joto Jengo la Pili ikazimika, na fundi wa wakati ule akawa amelala ndani ya gari lake kwa sababu ninazozijua na sizisemi. Ozell akashuka chini na bisibisi na kiberiti. Baada ya saa mbili akatoka uso masizi matupu, na joto likapanda hadi ghorofa ya juu. Kesho yake wakampa mashine ya majani mtu mwingine.

Theluji ya Machi 1993 ilipotufunika, sisi watu wa kusini tusiojua hata kuikanyaga, Ozell alihamia chumba cha boila siku nne. Tulimpelekea mkate wa mahindi na mboga kwa zamu. Alipotoka alikuwa amenenepa. Ndiyo mara ya kwanza nasikia mtu ananenepa kwenye janga, nikamwambia hivyo, naye akajibu, "Bi Odessa, mngenipikia vibaya ningetoka mapema."

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu mtu huyu, hasa ninyi mafundi vijana mnaoingia kwa watu kama polisi. Ozell alikuwa na ufunguo wa kila mlango wa mtaa huu, na hakufungua mlango hata mmoja bila kubisha mara tatu na kutaja jina: "Hodi! Tarpley wa mabomba!" Alibisha hata kama nyumba haina mtu. Siku moja nilimkuta anabisha nyumba iliyohamwa tangu Krismasi.

"Ozell," nikamwambia, "unamwita nani humo? Panya?"

"Nyumba ni ya mtu, Bi Odessa, hata kama mtu mwenyewe hajaja."

Nilicheka. Nilikuja kuelewa baadaye sana.

Kitu kingine ni ubao wake. Wageni huuona ukutani wakadhani ni pambo. Ni mbao za mwaloni, zina misumari mia mbili na kumi na miwili, na kila msumari una namba ya nyumba aliyoichoma kwa chuma cha moto, mkono wake mwenyewe. Kila nyumba ya Mamlaka ilikuwa na ufunguo wa akiba pale. Karatasi za ofisi zilipotea, zililowa, nyingine ziliandikwa mara mbili. Ubao haukukosea. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye simtaji kwa kuwa marehemu hajitetei, akiulizwa lolote alijibu, "Nendeni mkatazame ubao wa Ozell." Tukauamini kuliko karatasi, tukauamini kuliko macho. Hicho ndicho kilichotuponza.

Septemba 1999 mabomba ya mvuke yalipasuka Jengo la Nane. Lina nyumba ishirini na nne. Wapangaji wakaombwa watoke kwa miezi miwili, matengenezo yafanyike. Kila familia ilipewa barua yenye mhuri: mabomba yakipona, utarudi kwenye nyumba yako. Wengine walikwenda kwa ndugu zao, Mobile, Atlanta, wengine hadi Detroit. Dada yangu Ardelia, wa nyumba ya kumi na saba, akaja kwangu na cherehani, redio ya nyimbo za injili, na masanduku mawili. Nikamwambia miezi miwili nitavumilia.

Mara wezi wa mabomba ya shaba wakaanza kuzunguka jengo lile kama tai. Ozell akaona mtu anaweza kuchukua ufunguo ubaoni. Akatoa funguo zote ishirini na nne kwenye misumari, akazitia ndani ya kopo la kahawa, akalificha chini ya kiti cha pikapu yake. Hakumwambia mtu. Hilo ndilo kosa lake. Ni kosa la mtu mwangalifu kupita kiasi, lakini kosa ni kosa.

Maana siku hizo hizo karatasi ilifika kutoka Washington. Walikuwa wametunga sheria: mamlaka yoyote ya nyumba isiwe na nyumba za umma zaidi ya zile ilizokuwa nazo tarehe mosi Oktoba 1999. Ukibomoa unaweza kujenga badala yake. Lakini kuongeza moja juu ya idadi ile, fedha za serikali huzipati, hata kama foleni ya wasio na pa kulala imezunguka mtaa mara tatu. Siku ile ilikuwa kama picha ya familia: ambaye hakusimama mbele ya kamera, basi hakuzaliwa.

Mkurugenzi akamwagiza sekretari wake, Bi Verlene Stoddard, ambaye alikuwa mgeni hana hata mwezi, aandike tuna nyumba ngapi. Na alimwambia nini? Nendeni mkatazame ubao wa Ozell. Verlene akasimama mbele ya ubao na penseli yake, akahesabu funguo. Akapata mia moja themanini na nane. Ozell alikuwa juu ya paa la Jengo la Pili anapaka lami, hatua ishirini tu kutoka dirishani. Hakuna aliyemwita. Mimi nilikuwepo, nafagia. Hilo nitalirudia.

Matengenezo yalichukua si miezi miwili bali karibu miaka miwili, maana kazi ya serikali mnaijua. Mwaka 2001 jengo likawa tayari, likapakwa rangi, Ardelia akafunga masanduku. Ndipo ikaja barua: Tallow Bluff ina haki ya nyumba mia moja themanini na nane, na zote zina watu. Jengo la Nane halimo kwenye idadi.

Mkurugenzi akamwita Ozell juu ofisini. Ozell akasikiliza, akashuka hadi kwenye pikapu, akarudi na kopo la kahawa, akalimimina mezani.

"Zilikuwa na wewe?" mkurugenzi akauliza.

"Zilikuwa salama, bwana."

"Salama kweli. Hata serikali haikuziona."

Ozell alizikusanya moja moja, akazirudisha koponi. Hakuzirudisha ubaoni. Alisema misumari ile haitashika ufunguo mpaka kila ufunguo uwe na mtu.

Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka yote hiyo, Ozell aliingia Jengo la Nane. Alifungulia mabomba maji yasilale, akavuta vyoo, akatazama paa, akafagia kinyesi cha njiwa. Na kila mlango alibisha kwanza. Milango ishirini na minne, mara tatu tatu, "Hodi! Tarpley wa mabomba!", na hakuna aliyemwitikia. Watoto walisema jengo lina shetani. Niliwaambia shetani hawezi kazi ya namna ile.

Barua ziliandikwa Washington, Ozell akiwasimamia wakurugenzi kama mama anayesimamia mtoto kunywa dawa. Jibu lilikuwa lile lile: leteni hati inayoonyesha kwamba nyumba zile zilikuwa za wapangaji wenu siku ile. Ozell akatoa vitabu vyake vya kazi, vimeandikwa kwa penseli tangu 1984. Wakasema maandishi ya fundi si hati. Nakala za ofisi zilikuwa kwenye chumba cha chini, na tufani ya mwaka 2004 ilikijaza chumba kile maji hadi kiunoni. Zikawa uji.

Ardelia je? Ofisi ilimpa nyumba nyingine mara mbili, akakataa mara mbili. "Nina nyumba yangu," alisema. "Barua ninayo." Basi akabaki kwangu. Anakoroma. Cherehani yake inaanza kabla ya kahawa. Anaimba sauti ya pili hata kama hakuna wa kwanza. Kila nilipomwona Ozell uani nilimpigia kelele, "Wewe! Uliniletea huyu kwa miezi miwili!" Naye alivua kofia, akasema, "Nalishughulikia, Bi Odessa." Mwaka wa tano nilicheka. Mwaka wa kumi na tano sikucheka tena.

Mwaka 2017 baadhi ya wakubwa wa mji walitaka kulivunja Jengo la Nane pawe maegesho ya magari. Walisema jengo halina faida kwa mtu. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa Kanisa la Mount Nebo, na mwanamume mmoja aliyevaa tai akauliza kwa nini Mamlaka inatunza jengo ambalo kisheria halipo. Ozell akasimama. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona akisema mbele ya watu, hata harusini kwake alijibu kwa kichwa. Aliliweka kopo la kahawa mezani.

"Bwana," akasema, "mimi ndiye niliyezitoa ubaoni. Nyumba hazikupotea. Nilizificha mimi. Mkitaka kuvunja kitu, nivunjeni mimi, mimi nipo kisheria."

Watu wakacheka. Mkurugenzi wetu wa sasa, Bi Renita Fauntleroy, ndiyo kwanza alikuwa na mwaka mmoja kazini. Akamwuliza pale pale, "Mzee Tarpley, kuna karatasi yoyote ya siku zile ambayo haikuwa ofisini?"

Ozell akafikiri. Nikamwona midomo inacheza. "Zile barua," akasema. "Kila familia ilipewa barua."

Bi Fauntleroy akawaambia wakubwa wasubiri, nao wakampa miaka miwili. Kuanzia hapo Ozell hakuwa na Jumamosi. Aliendesha pikapu ile kuwatafuta watu waliotawanyika kwa miaka kumi na minane. Alikwenda Mobile mara sita. Alikwenda Atlanta. Detroit alikwenda kwa basi, akarudi na mafua na barua mbili. Nyingi alizikuta kwenye Biblia ya familia, katikati ya vyeti vya ubatizo na nywele za mtoto wa kwanza, maana watu wetu wakitaka kitu kisipotee wanampa Mungu akishike. Mmoja alikuwa ameitia barua kwenye fremu, ikaning'inia juu ya televisheni. Mzee mmoja hakutaka kuiachia. Alisema, "Ni ufunguo wangu huu." Ozell akamtolea ufunguo wenyewe koponi, akamwonyesha namba, wakalia wote wawili, kisha mzee akatoa barua. Hilo sikuliona, nimehadithiwa na binti yake, na Ozell akikanusha msimwamini.

Na dada yangu, mwenye kusema miaka kumi na minane kwamba barua anayo? Ozell alikuja jikoni kwangu, akavua kofia.

"Bi Ardelia, naomba ile barua."

Ardelia akaenda kwenye makasha yake ya ushonaji, akarudi polepole, mtu ambaye hatembei polepole hata kanisani. Mkononi alikuwa na vipande vitatu vya karatasi. Alikuwa ameikata barua ile kuwa ruwaza ya kukatia kola ya gauni la mtoto.

"Ilikuwa karatasi nzuri, ngumu," akasema.

Nilisema maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Ozell aliketi, akavipanga vipande juu ya meza, akavibana kwa pini za Ardelia mwenyewe. Namba ya nyumba ilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Mhuri ulikuwa umekatwa katikati, nusu upande wa shingo, nusu upande wa bega, ukaungana sawasawa. "Kola nzuri," Ozell akasema. "Inakwenda Washington."

Zilipatikana barua kumi na tisa. Bi Fauntleroy alizipeleka pamoja na vitabu vya penseli, safari hii wakavisoma. Jibu lilichukua muda, na ugonjwa ule wa dunia nzima ukaingia katikati. Mwaka 2020 Ozell alitimiza umri wa kuondoka, ofisi ikamtayarishia keki. Aliila, akarudi kazini. "Siwezi kuondoka na funguo za watu kwenye kopo," alisema.

Februari 2021 alikuwa chini ya sinki langu, miguu tu inaonekana, wakati Bi Fauntleroy alipokuja mwenyewe na barua mkononi. Akaisoma kwa sauti: Mamlaka ya Nyumba ya Tallow Bluff ina haki ya nyumba mia mbili na kumi na mbili. Tukasubiri. Miguu haikusogea.

"Ozell, umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia. Nipe spana namba tisa."

Nikampa. Alikaa chini ya sinki lile muda mrefu kuliko sinki lilivyohitaji, nasi hatukumharakisha.

Jengo lilitakiwa kutengenezwa upya, ikawa miaka mitatu mingine. Familia za zamani zilizorudi ni tano. Nyumba nyingine zimekwenda kwa watu wa kwenye orodha, wakiwemo mama wa watoto wanne aliyekuwa analala kwenye gari, na mjane mwenye mashine ya oksijeni. Kila mmoja Ozell alimkabidhi ufunguo mkononi, kisha akaning'iniza wa akiba kwenye msumari wake. Ufunguo wa ishirini na nne ulikuwa wa nyumba ya kumi na saba. Aliuacha mwisho makusudi, kwa sababu alijua nitapenda kuwepo.

Ilikuwa Jumatano ya katikati ya Aprili mwaka huu. Ardelia alivaa kofia ya Pasaka. Nami nilikuwa na mzigo wangu, ambao sasa nautua hapa mbele yenu wote, kwa kuwa sitaki mtu astaafu na lawama yangu mgongoni.

Siku ile ya 1999, Verlene alipofika kwenye ile misumari mitupu, hakuipita tu. Aligeuka akaniuliza. Alisema, "Bi Odessa, hii safu tupu ni ya nini?" Nami nilikuwa nimechoka, sakafu imelowa, naye amesimama juu yake na viatu. Nikamwambia, "Tupu ni tupu, mama. Hesabu unachokiona, halafu uniondokee hapa." Naye akahesabu alichokiona. Nilijua vizuri kwamba Jengo la Nane liko pale, nililiona kila siku kupitia dirisha lile lile nililolifuta. Miaka ishirini na minne na ushee Ozell alilibeba kosa lile peke yake, nami nilimpigia kelele uani, na sikufungua mdomo. Mdomo huu, ambao wote mnaujua!

Basi tulipokuwa mlangoni pa nyumba ya kumi na saba, Ardelia akiwa ndani anagusa kuta, nilimwambia. Nilimwambia yote, na sauti haikuwa yangu.

Ozell akavua kofia. "Najua, Bi Odessa."

"Unajua nini?"

"Verlene aliniambia 2001."

"Miaka yote hii ulijua, ukanyamaza?"

Akatazama ndani, Ardelia alikuwa ameshaanza kuimba sauti ya pili. "Nilifikiri," akasema, "kwa adhabu uliyonayo chumbani, nami nikiongeza itakuwa ukatili."

Nimemjua mtu huyu miaka arobaini, na nilidhani ni mimi ninayemkaripia.

Basi ninyi mnaobaki, sikieni. Usimamizi wa nyumba mtausoma kwenye vitabu vyenu, na idadi ya nyumba Washington watawaambia. Lakini ukiona msumari mtupu, uliza. Ukijibiwa vibaya na mfagizi, uliza tena. Na kama mtu yuko juu ya paa, fungua dirisha umwite. Ubao ule sasa una funguo mia mbili na kumi na mbili, na kopo la kahawa limeoshwa. Ardelia amepanda maua ndani yake.

Ozell Tarpley, kwa niaba ya Mamlaka, ya wapangaji, na ya nyumba yangu, ambayo sasa ni kimya kiasi kwamba siku hizi naenda Jengo la Nane kunywa kahawa: ahsante. Mungu akupe afya, akupe samaki wengi kwenye bwawa la shemeji yako, na magoti ya kusimama ukiwavua. Mkeo Lavada akupe chakula, lakini si kama kile cha 1993.

Na Jumatatu, mazoea yakikuvuta ukajikuta tena mbele ya ile milango ishirini na minne, usione haya. Bisha mara tatu kama ilivyo desturi yako, taja jina lako, halafu rudi nyuma kidogo. Safari hii utaitikiwa, "Karibu!"